Mwaka Wangu wa Kwanza Katika Chuo Kikuu



Mwezi uliopita wazazi watatu walinijia nyumbani kwangu hapa Igogwe, kila mmoja kwa siku yake, nao wote walikuwa na swali moja. Watoto wao wamemaliza kidato cha sita, na wameitwa kwenda chuo kikuu. Wakaniuliza, "Mwalimu, huko chuoni kukoje? Mtoto atakula nini, na atalala wapi? Nani atamwangalia? Tena habari hii ya mkopo ni kweli, au ni maneno ya watu tu?" Nilimjibu kila mmoja kadiri nilivyoweza. Lakini walipokwisha kuniaga, moyo wangu haukutulia. Kwa maana niliwaeleza habari za chakula na vitanda, na jambo lililo kubwa kuliko hayo nililiacha. Jambo lenyewe lanihusu mimi mwenyewe, wala si jambo la sifa. Basi nimeona afadhali niliandike katika gazeti letu, wapate kulisoma wao, na wengine pia wanaotazamia kupeleka watoto wao huko.

Nalizaliwa na kulelewa hapa chini ya mlima Rungwe. Marehemu baba yangu alikuwa mkulima wa migomba na viazi, naye alikuwa na ng'ombe wachache. Kiswahili alijua kukisoma, kwa kuwa alifundishwa katika darasa la katekisimu. Alisoma Injili na gazeti pole pole, huku akifuata mstari kwa kidole chake. Kiingereza hakukijua hata neno moja. Nawaomba mlikumbuke jambo hilo, kwa sababu ndilo asili ya habari yangu yote.

Nilisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha nikaingia shule ya misioni kwa masomo ya sekondari. Huko nalikuwa mtu wa mbele darasani, na waalimu walinipenda. Mwaka 2011 nikaitwa kusomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Habari ilipofika, jumuiya yetu ndogo ndogo ilikutana nyumbani kwetu kusali. Sala ilipokwisha, mzee kiongozi aliweka sahani mezani, na watu wakatoa, mmoja shilingi elfu mbili, mmoja mia tano. Mama mmoja mjane hakuwa na fedha siku ile. Kesho yake alileta mkungu wa ndizi tukauuze sokoni. Naye baba akauza ng'ombe jike mwenye mimba. Ninyi mlio Wanyakyusa mnafahamu uzito wa jambo hilo. Ng'ombe si nyama tu kwetu. Ni maziwa ya watoto, ni mahari ya vijana, ni heshima ya nyumba. Baba hakusema neno juu ya ng'ombe wake. Alimtoa zizini asubuhi, akarudi jioni na kamba mkononi.

Kabla sijaendelea, ni vema niwaeleze machache juu ya chuo chenyewe, ili msidhani ni shule kama shule nyingine iliyopanuliwa tu. Kilianza mwezi wa Oktoba mwaka 1961, muda mfupi tu kabla ya Tanganyika kupata uhuru wake, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Siku zile kilikuwa na wanafunzi wasiozidi kumi na watano, wote wa sheria, nao walisomea katika jengo la chama cha TANU mjini. Mwaka 1963 kiliunganishwa na Makerere ya Uganda na chuo cha Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki; mwaka 1964 kikahamia katika kilima kilicho nje ya mji, ndiyo sababu watu hupaita Mlimani mpaka leo. Na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha Tanzania, na Mwalimu Nyerere akawa mkuu wake wa kwanza. Ile noti ya zamani ya shilingi mia tano, ambayo wengi wenu mmeishika, nyuma yake palikuwa na picha ya jumba lenye paa la ajabu. Jumba hilo ni ukumbi wa Nkrumah, nao uko hapo Mlimani. Wanyonge wa nchi walitembea na picha ya chuo mifukoni mwao, wengi wao bila kujua.

Nalisafiri kwa basi kutoka Mbeya kabla ya mapambazuko. Tulipita Makambako na Iringa, tukashuka milima, tukaona wanyama wa Mikumi kando ya barabara. Hata jua lilipokuchwa tukaingia Dar es Salaam. Joto lilinipiga usoni kama la jiko. Nalikuwa nimevaa koti nililoagana nalo na baridi ya Rungwe, na watu wakanitazama.

Shida ya kwanza ilikuwa mahali pa kulala. Nafasi katika mabweni zilikuwa chache kuliko wanafunzi, na mimi sikupata. Hapo nikajifunza neno ambalo hapa kwetu hatulitumii hivyo, nalo ni kubebana. Maana yake, mwenye kitanda humpokea asiye nacho, wakalala wawili juu ya godoro la mtu mmoja, mmoja kichwa huku na mwenzake kichwa kule. Mimi nilibebwa na kijana wa Kyela ambaye hatukujuana hapo kwanza. Alisikia tu matamshi yangu, akanisalimu kwa Kinyakyusa, akaniuliza kama nimekula. Kwa muda wa miezi minne nililala kwake, wala hakunidai senti. Siku hizi hali imepungua ukali wake, kwa sababu mwaka 2017 yalifunguliwa mabweni mapya ya kulaza wanafunzi 3,840. Lakini mzazi asidhani ya kuwa mtoto akiitwa chuoni amekwisha kupata kitanda. Na aulize mapema.

Shida ya pili ilikuwa masomo, na hapa ndipo nilipoanguka. Sikuanguka kwa kosa la chuo, bali kwa kosa langu. Katika shule ya misioni mwalimu alijua jina langu na la baba yangu. Nisipoandika zoezi, aliniita. Nikikosa sala ya asubuhi, alijua kabla ya chai. Chuoni mhadhiri huingia katika ukumbi wenye watu mamia, akafundisha saa moja au mbili, akaenda zake. Aliyehudhuria na asiyehudhuria hatofautiani machoni pake mpaka siku ya mtihani. Hakuna kengele, wala hakuna kiranja. Jioni waweza kwenda maktaba, waweza kukaa katika vimbweta, yaani zile meza za saruji chini ya miti ambapo wanafunzi husoma kwa makundi, waweza pia kwenda mjini ukarudi usiku wa manane, na hakuna atakayekuuliza. Mtu aliyezoea kufuata kengele, siku kengele ikinyamaza, hujiona mfalme. Nami nilijiona mfalme muda wa wiki nyingi.

Tena kulikuwa na lugha. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mimi niliivuka mito hiyo kwa kukariri. Nilishika kurasa nzima kichwani, nikazitapika katika mtihani, nikasifiwa. Chuoni somo la Kiswahili lilinifurahisha, maana hufundishwa kwa Kiswahili chenyewe. Tena ni hapo Mlimani ambapo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitunga ile Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Lakini katika historia na katika falsafa ya elimu, nilipewa vitabu vitatu vinavyobishana, nikaulizwa, "Wewe waonaje?" Sijaulizwa swali hilo maisha yangu yote. Nilinakili maneno ya vitabu vyote vitatu, nikayapanga moja baada ya jingine, nikapeleka. Karatasi yangu ikarudi na maneno mafupi pembeni ya kwamba mawazo yangu mwenyewe hayaonekani. Nilikasirika. Badala ya kwenda kumwuliza mhadhiri, ambaye mlango wake ulikuwa wazi siku mbili kila juma, nilijificha asinione. Naliona haya kusema Kiingereza kibovu mbele yake. Naam, haya hiyo ndiyo iliyonigharimu, wala si upungufu wa akili.

Shida ya tatu ilikuwa fedha, yaani fedha kuwapo, na si kukosekana tu. Fedha ya mkopo ya chakula, ambayo wanafunzi huiita bumu, wakati wangu ilihesabiwa shilingi 7,500 kwa siku, nayo huja kwa mkupuo wa siku nyingi pamoja. Kijana ambaye tangu azaliwe hajashika laki moja yake mwenyewe huamka siku moja anazo laki kadhaa. Nilinunua simu, na viatu, nikawaalika wenzangu kula kuku. Majuma ya mwisho kabla ya mkupuo mwingine nilikula mihogo ya kukaanga na maji. Na fedha ya jumuiya, ile ya sahani? Nayo ilikwenda njia ile ile. Siwezi kuwaonyesha kitabu kimoja nilichokinunua kwa fedha ile.

Mwezi wa Julai 2012 nilirudi nyumbani kwa likizo. Matokeo yalipotangazwa mwezi wa Agosti, nilikwenda Tukuyu mjini katika duka lenye mashine za intaneti, nikalipa, nikapewa karatasi yangu. Nilikuwa nimeshindwa masomo mawili, historia na falsafa ya elimu. Yanipasa kurudi mwezi wa Septemba kufanya mitihani ya kurudia, ambayo wanafunzi huiita sapu. Na mtu akishindwa kupita kiasi huondolewa chuoni kabisa. Hilo nalo lina jina lake, husemwa amedisko. Nilisimama kando ya barabara, na karatasi mkononi, magari ya Kyela yakinipita. Nikamfikiri baba, na kamba ile mkononi mwake.

Siku ya Alhamisi jumuiya ilikutana nyumbani kwetu. Sala ilipokwisha, baba akasema mbele ya watu, "Mwanangu ameleta karatasi ya masomo yake. Nataka atusomee, sisi sote tuliomtuma." Akanipa karatasi. Watu kama ishirini walikuwa wameketi, wengine juu ya mikeka, wengine mlangoni. Hapakuwa na mtu aliyejua Kiingereza isipokuwa mimi.

Wasomaji wapenzi, niliisoma kwa uongo. Palipoandikwa herufi ya kushindwa nilitamka herufi ya kushinda. Nilisoma kwa sauti ya kusimama, kama asomaye somo kanisani, nikawafasiria kwa Kiswahili na Kinyakyusa. Wakina mama wakapiga vigelegele. Yule mjane wa mkungu wa ndizi akanishika mikono yote miwili akasema, "Ndaga, ndaga." Baba akaipokea karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia katika sanduku la bati pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo.

Kusoma ni kitu nilichopewa na Kanisa na watu wale. Waliniondolea kazi ya shamba ili nijue kusoma, kusudi niwe macho yao katika mambo wasiyoweza kuyaona. Nami siku ile niliwafumba macho kwa kitu kile kile walichonipa. Nimetenda makosa mengine maishani, lakini sijui kosa ambalo limenikaa moyoni kuliko hilo.

Tangu siku hiyo sikuweza kujitayarisha kwa mitihani ya Septemba, kwa maana ningefungua vitabu wangeniuliza, "Umeshinda, wasoma nini tena likizoni?" Nilisoma usiku kwa mwanga wa simu chini ya blanketi, kama mwizi. Hata siku moja mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye wakati ule alikuwa kidato cha pili, alitumwa na bibi yake kutafuta kadi ya kliniki katika sanduku la bati. Akanijia nyuma ya nyumba, karatasi mkononi, akaniuliza pole pole, "Mjomba, herufi hii si ya kushindwa?"

Nikamwambia, "Irudishe. Nyamaza, usimwambie mtu."

Akajibu, "Ndiyo, Mjomba." Akainamisha kichwa, akaenda zake. Usiku ule sikulala. Uongo wangu niliweza kuubeba, ama nilidhani naweza. Lakini sasa nilikuwa nimemfundisha mtoto kuuficha, mtoto ambaye aliniita mimi mfano wake, na ambaye neno la kwanza la Kiingereza alifundishwa na mimi.

Alfajiri nilimfuata baba migombani. Alikuwa akikata majani makavu. Nikamweleza yote, nimesimama, bila kuficha hata habari ya kuku na viatu. Aliendelea kukata. Alipomaliza shina lile akaenda la pili, nami nikamfuata. Mwisho akaniambia, "Mimi ulinisomea, na jumuiya ulisomea. Basi Alhamisi utasoma tena." Hakuongeza neno. Tuliondoa majani pamoja mpaka jua lilipopanda.

Siku ya Alhamisi niliisoma ile karatasi kama ilivyoandikwa. Palikuwa kimya sana. Mzee mmoja, ambaye alitoa fedha nyingi kuliko wengine, alisimama akatoka bila kuniaga. Ilipita miaka miwili kabla hajanisalimu tena, nami sikumlaumu, alikuwa na haki yake. Wengine walitazama chini. Ndipo yule mjane akauliza, "Na mtihani huo wa kurudia, unalipiwa?" Nikajibu ya kuwa nina haja ya nauli tu. Akasema, "Basi nauli." Sahani ikawekwa tena mezani. Nilitaka kukataa, baba akanitazama, nikanyamaza. Fedha iliyopatikana haikufika nusu ya ile ya kwanza, lakini mkononi mwangu ilikuwa nzito kuliko ile. Juma lile lile nilikwenda misioni nikaungama.

Nalirudi Dar es Salaam mapema mwezi wa Septemba. Safari hii nilibisha mlango wa mhadhiri niliyemkimbia, nikamwambia kwa Kiingereza changu kibovu ya kwamba sifahamu maana ya kutoa mawazo yangu mwenyewe. Hakunicheka. Alinieleza kwa saa nzima, akanituma maktaba nikasome kurasa chache tu, nirudi kumwambia nani kati ya waandishi wawili anasema kweli na kwa sababu gani. Nilishinda historia kwa kiasi kidogo. Falsafa ya elimu ilinishinda tena, nikalibeba somo hilo mpaka mwaka uliofuata, hata nikalishinda mwaka 2013. Mwaka 2014 nikahitimu. Sikuhitimu kwa daraja la kwanza, lakini kila herufi iliyo katika cheti changu naweza kuisoma mbele ya mtu yeyote.

Baba alifariki mwaka 2016. Tulipofungua sanduku la bati niliikuta ile karatasi, imekunjwa vile vile mara mbili. Hakuitupa. Sasa ninayo mimi, na mpwa wangu yule naye ni mwalimu.

Basi, enyi wazazi mnaopeleka watoto mwaka huu, nawaomba mpokee maneno machache ya mtu aliyejikwaa.

Kwanza, mwambieni mtoto ya kuwa chuoni kushindwa somo si mwisho wa dunia. Sapu si kifo, wala si fedheha ya ukoo. Wengi waliokuwa wa kwanza huku vijijini hujikwaa mwaka wa kwanza, kwa sababu wamekutana na wa kwanza wenzao wa nchi nzima. Mtoto asipolijua hilo atawaficha, na akiwaficha hamtaweza kumsaidia. Vigelegele vyetu ni vizuri, lakini visiwe vikubwa hata mtoto aogope kuvikatiza kwa habari ya kweli.

Pili, mfundisheni kuuliza. Sisi huku tumefundishwa ya kuwa mtoto mwenye adabu hanyanyui sauti mbele ya mkubwa. Adabu hiyo ni njema, wala asiiache. Lakini ajue ya kuwa kumwuliza mwalimu si utovu wa adabu. Aende mapema, abishe hodi, aseme, "Sikufahamu." Neno hilo moja lingaliniokoa mwaka mzima.

Tatu, habari ya mkopo. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Wako watu kijijini wanaodhani fedha hiyo ni zawadi ya serikali. Si zawadi, ni deni. Mimi nakatwa kila mwezi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Maana yake, mwenye mshahara wa 800,000 hukatwa 120,000. Ni kweli mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya deni ilifutwa, nasi tulishukuru sana. Lakini deni lenyewe li pale pale. Basi kila shilingi mtoto aliyo nayo ya kununulia viatu vya fahari, ajue ya kuwa atainunua mara ya pili kwa jasho lake. Na mzazi asimtumie mwanawe ujumbe wa kuomba fedha ya bumu ili kuezeka nyumba. Nimeona hayo, nayo yamewaponza vijana wengi.

Nne, kabla hajaondoka mwonyesheni watu. Mpeni jina la mtu mmoja wa kwetu aliye huko, na mwambieni ajiunge na wanafunzi Wakristo wenzake. Katika vyuo wako wanafunzi Wakatoliki wenye chama chao, na wa madhehebu mengine vile vile. Jumapili nilizokwenda kusali pamoja nao mwaka wa pili zilinirudishia kengele niliyoipoteza. Na kwa mabinti nasema mara mbili: msimpeleke binti mjini bila fedha ya kumtosha hata mwezi mmoja, kwa maana njaa ndiyo mlango ambao watu wabaya huupitia.

Tano, msimwogope mtoto kwa sababu ya elimu yake. Akija na karatasi, mwambieni aisome mbele yenu, kisha mwiteni mwingine ajuaye aisome pia. Si kwa kumshuku. Ni kwa kumsaidia asijaribiwe kama nilivyojaribiwa mimi. Ningalijua ya kuwa yuko mtu mwingine mlangoni ajuaye kusoma, nisingalisema uongo.

Naandika haya kwa sababu siku hizi watoto wengi zaidi wanaitwa. Wakati wa wazee wetu chuo kikuu kilikuwa kimoja, na mtu mmoja tu katika tarafa nzima huenda akaitwa. Sasa kuna Dodoma tangu 2007, na hapa karibu nasi Mbeya chuo cha ufundi cha mwaka 1986 kimekuwa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia. Sahani itawekwa mezani mara nyingi katika jumuiya zetu. Nami hutoa kila inapowekwa. Nikitoa, humwita yule kijana au binti kando, nikampa na habari hii niliyowapa ninyi leo, maana wakati wangu hapakuwa na mtu wa kuniambia.

Nawatakia watoto wetu heri katika masomo yao, na ninyi mliowatuma, subira.

Ndimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu, Igogwe.